Kabla ya kulaumu sili feki, itazameni iliyokufa

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba pampu za mradi wa maji wa kwao zinavuja kila mara kwa sababu maduka ya spea yamejaa sili feki (sili ni kizibo kinachozuia maji yasivuje pale shafti inapoingia kwenye pampu), na kwamba dawa ni maduka hayo kufungwa. Mimi ni fundi wa pampu na mota, Mwanga, Kigoma Mjini. Sina duka la spea wala shemeji mwenye duka, kwa hiyo sitetei ugali wa mtu. Ila katika sili zilizokufa zinazofika mezani kwangu, nyingi zimeuawa na mambo ambayo yangeiua hata sili halisi iliyotoka kiwandani na cheti chake. Feki zipo, nitazifikia. Kinachoniudhi ni kwamba mtu akishasema feki, hakuna anayeuliza swali la pili.

Wateja wengi hufika na sili mpya mfukoni. Ukiuliza ya zamani iko wapi, jibu ni lile lile: tumeshaitupa, fundi. Huko ni kumzika mtu aliyekufa ghafla, kisha ukoo mzima ukarudi kunywea kibuyu kile kile alichonywea marehemu. Sili iliyokufa ina alama, na alama hizo zinasomeka.

Nieleze kidogo kwa wasioijua. Shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka, inatoka kwenye mota, inapita kwenye tundu, inaingia ndani ya maji kuzungusha impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji. Tundu hilo lazima lizibwe, na kinacholiziba hakiruhusiwi kuikaba shafti inayozunguka mara 1,450 au 2,900 hivi kwa dakika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kamba ya glandi, inayozungushiwa shafti na kukazwa, na pampu nyingi za kale bado zinayo. Sili yenyewe ni pete mbili: moja, mara nyingi ya kaboni, inazunguka pamoja na shafti, nyingine, ngumu zaidi, mara nyingi ya seramiki, imekaa kwenye mwili wa pampu na haitikisiki. Springi inazikutanisha uso kwa uso, na raba au o-ringi (pete ya raba) inaziba nyuma yake. Watu hudhani nyuso hizo zinasuguana kavu. Sivyo. Katikati yake kuna utando wa kimiminika kile kile kinachosukumwa, wenye unene wa mikroni moja hivi (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Utando huo ndio unaozilainisha na kuzipoza. Ukikauka, nyuso zinasagana, na hapo hesabu uhai wa sili kwa dakika.

Niseme na hili la glandi kwa sababu linaleta fujo kubwa. Pampu ya kamba lazima idondoshe matone, yale yanayohesabika. Ndiyo yanayoipoza kamba. Pampu ya sili haitakiwi kudondosha. Nimeona waendesha pampu wanaokaza glandi mpaka shafti inatoa moshi ili isidondoshe hata tone, na wengine wanaotazama sili ikichuruzika wakisema ni kawaida, hata ile ya mwanzo ilikuwa inadondosha. Wote wawili watanitafuta.

Sasa twende ziwani, maana huko ndiko kwenye mauaji mengi. Kuanzia Kibirizi hadi Katonga watu wanavuta maji ya Ziwa Tanganyika kwa pampu zilizokaa juu ya ukingo: za bustani, za nyumba za wageni, za matofali. Pampu haina mkono wa kuvuta maji. Ni hewa iliyo juu ya ziwa inayoyasukuma yapande kwenye bomba ambalo pampu imepunguza hewa yake. Usawa wa bahari, hewa inaweza kuyapandisha kinadharia mita 10.3. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hewa yake ni pungufu, na kikomo hicho kinashuka hadi kama mita 9.4. Ondoa msuguano wa bomba, viwiko, futi valvu (vali ya mwisho wa bomba la kufyonza, ndani ya maji) iliyojaa majani, na kile ambacho pampu yenyewe inadai mlangoni kwake, unabaki na mita tano au sita za kufanyia kazi. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya usawa wa bahari, maji yakiwa baridi na bomba likiwa jipya.

Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kumeza fukwe, wengi walihamisha pampu zao juu zaidi na kuongeza bomba. Hakuna ubaya, maji yalikuwa karibu. Kiangazi kikifika maji yanarudi nyuma, pampu iko pale pale, na bomba la kufyonza limekuwa refu kuliko pumzi ya pampu. Ndipo unaposikia mlio kama kokoto zinazungushwa ndani ya nyumba ya impela. Hakuna kokoto humo. Ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa na kupasuka, na mahali penye mapovu sili haina utando.

Ukiifungua sili ya pampu hiyo utakuta unga mweusi wa kaboni umejikusanya chini ya shafti. Uso mgumu, ile pete nyeupe ya seramiki, una nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda pembeni, au umepasuka vipande viwili kabisa. Raba imekakamaa, inang'aa, inanuka kuungua. Kaboni imemeguka kingo. Sili ikiwa hivyo, ukiweka mpya bila kugusa bomba la kufyonza, umenunua wiki chache tu. Shusha pampu karibu na maji, ongeza kipenyo cha bomba la kufyonza, safisha futi valvu, weka swichi ya kuzima pampu maji yakipungua. Na kabla ya kuwasha, jaza maji na utoe hewa. Kwa pampu zinazosimama wima hewa hubaki juu, palepale sili ilipo, hata kama bomba zima limejaa.

Kuna kosa jingine dogo linalopasua seramiki kuliko mchanga wowote. Mlinzi anasikia pampu inalia kavu, anakimbia, anamwaga ndoo ya maji ya baridi kwenye tundu la kujazia. Seramiki ilikuwa ya moto sana. Inalia ta! na kazi imekwisha. Zimeni, iacheni ipoe, ndipo mjaze.

Hapo wauza spea huingia na ushauri wao: chukua ngumu kwa ngumu, yaani silikoni kabaidi, ile ngumu kuliko kaboni, pande zote mbili, hiyo haifi. Ni kweli kwa maji yenye mchanga. Mto Malagarasi wakati wa masika unashuka na tope, na kaboni ikikutana na mchanga inachimbwa mifereji ya duara unayoihisi kwa ukucha. Kwenye maji hayo nyuso mbili za silikoni kabaidi, au tangsteni kabaidi, ndizo zenye akili. Lakini nyuso mbili ngumu zinavumilia ukavu kwa muda mfupi kuliko kaboni, maana kaboni ina ulaini wake wa asili unaoisitiri kidogo. Kwa hiyo aliye na pampu inayokosa maji akanunua ngumu kwa ngumu, ameongeza gharama na kupunguza siku. Kwanza tatua ukavu, ndipo uchague uso.

Nije Uvinza, mahali ninapopapenda kwa kazi yangu kwa sababu pale maji yenyewe ni adui. Chumvi ya Uvinza inatokana na chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameichemsha pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Maji ya chumvi yakikolezwa mpaka mwisho, katika joto la kawaida, lita moja ya maji hubeba gramu kama 360. Fikiri sasa ule utando wa mikroni moja ukiwa wa maji ya namna hiyo. Kiasi kidogo sana hupita katikati ya nyuso na kutokea upande wa hewa. Huko maji yanakauka, chumvi inabaki. Punje zinaota kwenye ukingo wa uso, ngumu na zenye makali, nazo zinarudi kusaga kilichozizaa. Pampu ikilala usiku, nyuso zinagandamana. Asubuhi mota inawashwa kwa nguvu zake zote na kitu lazima kivunjike: ama kaboni, ama raba, ama pini inayoizungusha sili.

Mteja mmoja mwenye matangi ya chumvi huko alinionyesha sili zilizokufa zikiwa na ukoko mweupe nyuma yake, na o-ringi iliyonata kwenye slivu, ile bomba fupi inayoivika shafti, isiweze kusogea. O-ringi ya pete inayozunguka lazima iteleze kidogo kidogo kadiri kaboni inavyolika. Ikinata, springi haina la kufanya, nyuso zinaachana. Springi nazo zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, mbili zimekatika. Alikuwa ameambiwa ni chuma cha pua, basi hakiozi. Chuma cha pua cha namba 304 kwenye chumvi kali hutobolewa. 316 huvumilia zaidi, ingawa nacho kina mwisho wake, na bora zaidi ni sili ambayo springi zake zimekaa nje, hazilowi maji ya chumvi.

Alipotaka nimfungie mpya ya aina ile ile nilikataa mpaka aweke kabomba kembamba ka maji baridi yasiyo na chumvi, yapite taratibu nyuma ya sili, upande wa hewa, na kuosha punje kabla hazijakomaa. Akanitazama. "Fundi, mimi nahangaika kuyatoa maji kwenye chumvi, wewe unataka kuyarudisha?" Nikamwambia, mzee wangu, maji hayo hayaingii kwenye chumvi yako, yanapita nyuma ya sili na kudondokea chini. Yanayoingia ni ya njia nyingine, ya sili mbili zilizofungwa pamoja na maji safi katikati yake yenye presha iliyozidi ya pampu kwa ba (kipimo cha presha) moja au mbili. Hiyo huruhusu kiasi kidogo kiingie, na ni ya wenye mfuko. Kwake kabomba kalitosha, pamoja na sharti kwamba jioni pampu ikizimwa isukume maji matamu kidogo kabla ya kulala.

Upande wa mawese mambo yanageuka, adui anakuwa raba. Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha sabuni alikwenda dukani kuomba sili yenye raba nzuri ya kuvumilia moto, kwa sababu anasukuma mawese yaliyopashwa. Muuzaji akampa EPDM, aina moja ya raba. Kwa maji ya moto hakukosea, EPDM ni bingwa wa maji ya moto. Ila mafuta, yawe ya mchikichi au ya petroli, ni sumu kwake. Raba ilinyonya mawese ikavimba, ikaikaba shafti, ikafa haraka. Naye akasema feki. Haikuwa feki hata kidogo. Ilikuwa EPDM halisi kabisa, imepelekwa mahali si pake.

Akashauriwa anunue Viton, raba ya aina nyingine. Bei yake inakohoza mtu, ila kwenye mawese ya moto ilikaa. Mama akafurahi, akaamua pampu zote za kiwanda zifungwe Viton, ikiwamo ile inayosukuma magadi ya sabuni, yaani kostiki soda. Hapo tena ikafa, kwa sababu kostiki kali huiharibu Viton, na raba inayofaa pale ni EPDM, ile ile iliyofia kwenye mawese. Pampu mbili zimekaa bega kwa bega kwenye sakafu moja, na kila moja inataka raba ambayo mwenzake anaitapika. Angeweza hata kuokoa fedha: kwa mawese ya joto la wastani, raba ya naitrili, ile ya kawaida iliyo kwenye sili nyingi za bei ndogo, inafanya kazi vizuri. Inaanza kukakamaa joto likikaribia nyuzi 100. Kwa chini ya hapo Viton ni anasa.

Tatizo ni kwamba raba zote ni nyeusi na hazina jina usoni. Mimi hufanya hivi, na yeyote anaweza kufanya nyumbani: nunua o-ringi moja ya aina hiyo hiyo kutoka duka hilo hilo, pima unene wake kwa vernia (kipimo cha unene na kipenyo), itumbukize kwenye chupa yenye kile unachosukuma, iweke mahali pa joto mpaka kesho yake, pima tena. Ikinenepa sana, ikilainika au ikianza kupasuka ukiikunja, usifunge. Kipimo hicho hakikupi jina la raba, kinakupa jibu la swali lako.

Na mawese yana hila nyingine. Yakishuka chini ya nyuzi 35 hivi huanza kuganda. Kule Kasulu, asubuhi ya mwezi wa saba, yaliyobaki kwenye chumba cha sili usiku kucha yameshakuwa mgando. Ukiwasha mota, shafti inazunguka na sili imeshikwa. Raba inachanika au inateleza juu ya shafti. Dalili yake ni raba iliyong'arishwa upande wa ndani, na shafti yenye pete inayometa mahali raba ilipokaa, huku nyuso zenyewe hazina mkwaruzo wowote. Mimina maji ya moto juu ya nyumba ya pampu, zungusha shafti kwa mkono mpaka iwe nyepesi, ndipo uguse swichi.

Nyuso zisizolika zinaweza pia kuwa na chanzo kinachowahusu mafundi umeme. Baadhi ya sili zina springi moja ya umbo la pia, nene chini na nyembamba juu. Hiyo hujikaza kwenye shafti kwa kuzunguka upande mmoja tu; kuna za kulia na kuna za kushoto. Mtu akibadilisha waya mbili za fezi tatu, mota inazunguka kinyume, springi inajifungua, sili inateleza. Maji bado yanatoka, kwa uvivu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kila waya zinapoguswa, mwelekeo wa mshale kwenye pampu uangaliwe kwanza.

Mafundi wenzangu nao wasiniache niende hivi hivi. Nimeona mtu anagonga pete ya seramiki kwa nyundo na kipande cha mti. Nimeona vidole vyenye grisi vikipapasa uso uliosawazishwa kiwandani kwa kipimo kinachotumia mwanga, maana hakuna rula inayoweza kuupima. Nimeona sili ya zamani ikisuguliwa kwa msasa sakafuni, "inarudi kuwa mpya". Hairudi. Grisi ya gari kwenye raba ya EPDM ni mafuta yale yale ya kuiua; paka maji ya sabuni kidogo, inateleza vizuri. Shafti yenye mkwaruzo pale o-ringi inapokaa itavuja hata ukifunga sili ya dhahabu, na uvujaji huo haubadiliki pampu ikizunguka au ikisimama.

Upana wa alama kwenye uso mgumu unasema mengi, na ni jambo la kwanza ninalotazama. Kaboni ina uso mwembamba. Inapaswa kuacha kwenye uso mgumu alama ya upana wake ule ule. Alama ikiwa pana kuliko kaboni, shafti inacheza: beringi zimeisha, shafti imepinda, au kapulingi, kiungo cha shafti ya pampu na ya mota, haiko sawa. Chukua dayo geji, saa ya kupimia mchezo wa shafti, uizungushe shafti. Ikipita kiasi cha nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, yaani 0.05, usifunge sili mpya juu yake. Alama ikikosekana sehemu ya mduara, pete iliyotulia imekaa kombo. Pampu nyingi za vijijini zimefungwa kwenye saruji iliyopasuka, na mota yake imeinuliwa kwa vipande vya mbao. Huko beringi na sili hufa pamoja, zikizikwa na fundi mmoja kwa lawama moja.

Sasa feki. Ndiyo, zipo sili ambazo nyuso zake hazijanyooka, springi inapata kutu mwezi wa kwanza, na raba ni ya kitu gani Mungu ndiye ajuaye. Wengine hupima kwa sumaku: chuma cha pua kizuri hakishikwi. Tahadhari, springi ya 316 halisi inaweza kushikwa kidogo kwa sababu ya kuvutwa na kukunjwa wakati wa kutengenezwa. Sumaku peke yake imewafukuzisha wauzaji wasio na hatia. Mtu atakayeniletea sili iliyokufa yenye alama sawasawa, raba laini, shafti nyoofu, maji safi, na bado ilivuja tangu saa ya kwanza, huyo nitamwunga mkono kwenda dukani kudai haki yake.

Ombi langu kwa kamati za maji, halmashauri, wenye viwanda na wote wanaoandika karatasi za manunuzi ni hili. Nimeshika mkononi zabuni iliyosomeka "sili za pampu, 6", basi. Mwenye duka alete nini? Analeta ile ya bei ndogo aliyo nayo, na sheria iko upande wake. Andikeni kipenyo cha shafti mlichopima kwa vernia, si kwa macho. Andikeni kimiminika ni nini na kina nini ndani yake, mchanga, chumvi au nyuzinyuzi. Joto lake pampu ikifanya kazi na joto lake pampu ikiwa imezimwa. Presha ya kufyonza na ya kusukuma. Mizunguko ya mota na upande inaozungukia. Nafasi iliyopo kati ya impela na kifuniko, kwa sababu sili ndefu isiyoenea itabanwa mpaka springi igusane na sili fupi haitabanwa vya kutosha. Kwa mfano: maji ya ziwa yenye mchanga, nyuzi 26, shafti milimita 25, mizunguko 2,900, presha ba 4, silikoni kabaidi pande zote, raba ya naitrili, chuma cha pua 316. Mstari mmoja. Muuzaji akileta kingine mnaye kwenye karatasi.

Na kila pampu iwe na daftari lake, hata la shule lile la kurasa 48, linaloandikwa sili ilifungwa lini, na nani, na iliyotolewa ilikutwaje. Vyombo vya watumia maji vijijini tayari vina daftari la makusanyo ya fedha. La pampu likae kando yake. Pampu za visimani za kuzama, zile za sola, hizi habari zinawahusu kidogo tu, maana sili yake imefichwa ndani ya mota na si kazi ya kufungulia chini ya mwembe.

Mwenye sili iliyokufa asiyeelewa inasema nini ailete kwangu Mwanga. Asiioshe. Ukoko, tope, unga mweusi, mafuta yaliyoganda, aache vyote kama vilivyo, na aje na chupa ndogo ya kile kilichokuwa kinasukumwa. Kuitazama sitozi.

Fundi Pampu,
Mwanga, Kigoma Mjini.